Kuusikia Mlio Bila Kuusikiliza

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja. Kabla sijasema lolote, naomba tunyamaze wote kwa nusu dakika. Nyamazisheni simu, msisogeze viti. Tegeni masikio tu.

Asanteni. Wapo waliosikia pumzi ya jirani, wapo waliosikia gari likipita nje. Na wapo, nina hakika, waliosikia kitu ambacho hakimo chumbani humu: filimbi nyembamba, mvumo kama wa mashine iliyo mbali, nyenje anayelia bila kupumzika. Kama wewe ni mmoja wao, nimekuja kwa ajili yako, tuzungumze juu ya mlio huo wa masikioni. Kama hukusikia kitu, kaa nasi, maana huenda unaishi na mtu anayekisikia kila usiku na hajawahi kukwambia.

Mwaka 1953 watafiti wawili nchini Marekani, Heller na Bergman, waliwaingiza watu 80 wenye usikivu mzuri katika chumba kisichopenya sauti, wakawaomba waeleze wanachosikia. Asilimia 94 walisikia milio ya namna hii. Hawakuwa wagonjwa, wala hawakuwa wamelalamika popote. Walikaa mahali penye ukimya wa kutosha, basi, wakasikia kazi za miili yao wenyewe.

Naanza na habari hiyo kwa sababu ndiyo iliyonisaidia mimi. Kazi yangu ni kupima usikivu wa watu. Miaka 11 iliyopita, wakati namuuguza mama yangu, nililala usiku mmoja nikaamka saa tisa nikisikia mlio mwembamba katikati ya kichwa. Nilizima kila kilichokuwa kimewashwa nyumbani. Nilitoka nje. Mlio ukatoka nami. Mimi niliyekuwa nawaeleza wengine mchoro wa sikio kila siku, nilikaa ukingoni mwa kitanda nimejibana kichwa kwa mto, moyo ukinienda mbio, nikijiambia kwamba nimekwisha.

Niliyemwendea kwa matibabu aliniangalia masikio, akaandika kidogo, akasema, "Hakuna dawa. Utazoea." Dakika tano nikawa mlangoni. Ukiyachambua maneno yale, hayana uongo. Lakini aliyeyasema hakunionyesha njia ya kuzoea, na mimi nilichoondoka nacho ni yale mawili ya mwanzo tu: hakuna dawa. Yalinigharimu miezi mingi ya usingizi. Nimesimama hapa leo ili asiwepo mtu mwingine anayetoka mlangoni na maneno mawili.

Tuanze na sikio lenyewe. Ndani kabisa, nyuma ya kiwambo na vile vijifupa vitatu, kuna kijumba kilichojiviringa kama konokono, kimejaa majimaji. Humo zimepangwa seli zenye vinyweleo, zipatazo 15,000 kwa kila sikio. Sauti ikiingia, majimaji yanatikisika, vinyweleo vinalala na kuinuka kama nyasi zilizo chini ya maji, na seli zinapeleka habari kwenye ubongo kupitia neva ya kusikia. Seli hizi kwa binadamu zikifa hazioti tena. Na zinazokufa mapema ni zile za mlangoni mwa konokono, zinazopokea sauti nyembamba za juu. Ndiyo maana wengi wetu mlio wetu ni mwembamba, wa juu.

Sasa ubongo haupendi kukosa habari. Fikiria mtu anayesikiliza redio, kituo kikaanza kupotea. Atafanya nini? Ataongeza sauti. Na kwa kuwa kituo hakipo, atakachopata ni mkwaruzo mkubwa zaidi. Ubongo nao, ukiona habari za sauti fulani hazifiki, unaongeza usikivu wake pale palipo na pengo, na kinachosikika ni shughuli za neva zenyewe. Wapo wagonjwa waliokatwa neva ya kusikia katika upasuaji wa uvimbe, na mlio ukaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa hiyo unapochokonoa sikio ili kuutoa, unafanana na mtu anayefuta kioo kwa bidii wakati doa liko usoni pake.

Sisemi kila mlio unatoka huko. Nta iliyojaa na kushindilia inaweza kuuleta, na ikitolewa vizuri ukaondoka siku hiyohiyo. Maambukizi ya sikio la kati, taya lenye hitilafu, shingo iliyoumia, kelele za kazini, umri. Zipo dawa pia: aspirini ikinywewa kwa wingi, kwinini, jentamisini, sisplatini ya saratani. Kama unatumia mojawapo na mlio umeanza, mwambie aliyekuandikia. Usiiache kwa uamuzi wako mwenyewe, maana ugonjwa unaotibiwa unaweza kuwa mkubwa kuliko mlio.

Nimekuja hasa kwa hili linalofuata. Katika kazi yetu tunaweza kumpa mtu sauti mbalimbali kwenye vifaa vya masikioni hadi aseme, "Hapo, ndivyo unavyolia, na kwa ukubwa huohuo." Mtu anayesema mlio wake unamfanya ashindwe kufikiri, tukiupima, mara nyingi tunakuta uko desibeli (vipimo vya ukubwa wa sauti) chache tu juu ya sauti ndogo kabisa anayoweza kuisikia. Na jirani yake mwenye mlio wa ukubwa uleule, wa sauti ileile, anaweza kuwa amekuja kwa jambo jingine kabisa, ukimuuliza anasema, "Ah, huo? Ninao tangu zamani." Kipimo ni kimoja, maisha ni mawili. Siku ya kwanza nilipoliona hilo mezani kwangu nilikuwa sijaanza kuumwa, nikalichukulia kama ajabu ndogo ya kazi. Nilikuja kulielewa baadaye, kwa machozi.

Mwaka 1990 mtafiti Pawel Jastreboff alichapisha maelezo ambayo mpaka leo ndiyo msingi wa mengi tunayofanya. Alisema, kwa ufupi, kwamba mateso hayakai mahali unapokaa mlio. Mlio unapita njia ya kusikia. Mateso yanatoka sehemu za ubongo zinazoshughulikia hofu na hisia, na mfumo wa neva unaouandaa mwili kupigana au kukimbia.

Angalieni jinsi ubongo unavyochuja. Nguo uliyoivaa inagusa mgongo wako tangu asubuhi, na hukuihisi mpaka nilipoitaja. Mama aliyechoka hulala fofofo mvua ikipiga bati, lakini mtoto akiguna kidogo tu yuko macho. Mguno ni mdogo kuliko mvua. Ila ubongo umeshaamua kwamba mvua si habari, na mguno ni habari. Kila sauti inaulizwa swali moja: wewe ni hatari? Ikijibiwa hapana, mara ya kwanza na ya pili na ya mia, inaachwa ipite.

Mlio ukija wakati umetulia, ubongo unauliza swali lake na kuendelea na shughuli. Lakini ukija wakati umefiwa, unadaiwa, unauguza, hujalala, au ukija pamoja na maneno mabaya ya mtu unayemwamini, unapigwa muhuri: hatari. Tangu hapo king'ora kinalia kila ukisikika. Adrenalini inamwagika, moyo unakwenda mbio, shingo inakakamaa, meno yanakazana, usingizi unakatika. Na mwili ulio katika tahadhari hunoa masikio, kama vile wewe unavyonoa ya kwako ukisikia kishindo dirishani usiku. Ukinoa masikio, mlio unasikika zaidi. Ukisikika zaidi, hofu inaongezeka. Taya nalo linachangia: njia za neva za taya na shingo zinakutana na zile za kusikia katika shina la ubongo, ndiyo maana wengi wakiyabana meno mlio wao hubadilika papo hapo. Kwa hiyo msongo wa mawazo unakufikia kwa milango miwili kwa pamoja, wa hofu na wa misuli.

Naulizwa kila wiki: je, msongo wa mawazo ndio ulioleta mlio wangu? Jibu langu ni hili. Msongo si lazima uwe mzazi wa mlio, lakini mara nyingi ndiye mlezi wake. Aliyeuzaa anaweza kuwa kelele za karakana miaka ishirini iliyopita. Anayeulisha na kuukuza leo ni hofu, uchovu na usiku usiolaliwa. Na jambo hili ni jema kulijua, kwa sababu seli zilizokufa siwezi kukurudishia, lakini huyo mlezi tunaweza kumnyima chakula.

Tafadhali, asije mtu akatoka hapa na kumwambia mwenzake, "Kumbe ni mawazo yako tu." Si mawazo tu. Ni shughuli halisi ya neva, na anayeisikia haigizi. Utafiti uliokusanya takwimu za nchi nyingi, uliochapishwa mwaka 2022, ulikadiria kwamba watu wazima wapatao 14 katika kila 100 duniani wana mlio huu, zaidi ya watu milioni 700, na takribani 2 katika kila 100 unawatesa vikali. Wengi wao wanaficha. Beethoven, yule mtunzi mkubwa wa muziki wa Ujerumani, alificha. Tarehe 29 Juni 1801 alimwandikia rafiki yake daktari, Wegeler, kwamba masikio yake yanavuma na kupiga miluzi usiku na mchana, na kwamba karibu miaka miwili amekuwa akikwepa kukaa na watu. Alikuwa na umri wa miaka 30. Miaka miwili ya kujificha, mtu ambaye kazi yake yote ilikuwa masikioni! Kati ya simfonia zake tisa, nane zilikuja baada ya barua hiyo.

Lugha yetu ina maneno mawili ambayo nayashukuru sana: kusikia na kusikiliza. Kusikia ni kazi ya sikio, halikuombi ruhusa. Kusikiliza ni kazi ya nafsi. Siahidi kwamba utaacha kuusikia mlio. Tunachokitafuta ni wewe uache kuusikiliza. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, na si kwa sababu ng'ombe ni kiziwi. Anawasikia vizuri. Ameshawajua kwamba hawamng'ati.

Sasa tunafikaje huko?

Kwanza, nenda ukapimwe. Ukijua kwamba hakuna uvimbe, hakuna ugonjwa uliojificha, umeshaondoa nusu ya muhuri wa hatari. Na zipo hali ambazo hazisubiri. Mlio ulio upande mmoja tu. Mlio unaodunda sambamba na mapigo ya moyo. Mlio unaokuja na kizunguzungu kikali au udhaifu wa uso. Na hili nalikazia: ukiamka sikio limeziba ghafla na husikii, usiseme ni mafua, usingoje wiki ijayo. Mwone daktari wa masikio siku hiyohiyo. Uziwi wa ghafla hutibiwa kwa dawa za steroidi, na nafasi ya kupona ni kubwa zaidi zikianzwa mapema. Nimeona watu waliokuja baada ya miezi miwili, na nilichobaki nacho kuwapa kilikuwa kidogo.

Pili, usikimbilie ukimya. Hili linawashangaza wengi, kwa sababu mtu anayesumbuliwa na sauti anataka kunyamazisha kila kitu. Nilimhudumia mwalimu mmoja aliyeziba masikio kwa pamba kutwa nzima, hata akiwa peke yake nyumbani. Baada ya wiki kadhaa mlio ulikuwa umemkulia, na hata sahani zikigongana anaumia. Ubongo ulionyimwa sauti ulikuwa umezidi kujiongezea usikivu. Kibatari kimoja usiku wa giza utakiona toka mbali, lakini kiweke juani, mwali ni uleule na huuoni. Mlio ni kibatari. Washa mchana: sauti ya maji, mvua iliyorekodiwa, feni, redio ya chini. Iwe chini kidogo ya mlio wako, ili uvisikie vyote viwili pamoja. Ukiufunika kabisa, ubongo haupati nafasi ya kujifunza kwamba mlio hauna madhara. Vizibo vya masikio viweke kwa ajili ya mahali penye kelele kubwa, ambako ni lazima.

Kama usikivu wako umepungua, kifaa cha kusaidia kusikia kinafanya kazi mbili: unasikia watu, na ubongo unapata zile habari ulizokuwa unazisaka. Wengi wanakikataa kwa aibu ya uzee. Nawaomba mjaribu kabla ya kukataa.

Tatu ni mwili. Pumua polepole, pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia, dakika kumi, mara mbili kwa siku. Legeza mabega. Midomo imefungwa, meno yameachana, ulimi umepumzika. Na ufanye hivi siku ambazo mlio uko chini pia. Anayesubiri dhoruba ndipo ajifunze kupiga makasia atachelewa.

Nne, na kwangu hili ndilo lililofungua mlango, ni mambo tunayojiambia. Mimi nilikuwa na sentensi yangu: "Sitalala tena maishani." Niliiamini kama tarehe yangu ya kuzaliwa. Mshauri niliyempata mwishoni hakunibishia. Aliniuliza, "Jana ulilala?" Nikasema kidogo. "Kwa muda wa saa ngapi?" Nikahesabu: nne. Akasema, "Basi ulilala kwa saa nne, na leo umechoka." Ni jambo dogo sana, lakini nililia pale kitini, kwa sababu kati ya "sitalala tena" na "nililala kwa saa nne" kuna mahali pa mtu kusimama. Wataalamu wanaiita tiba ya fikra na tabia. Mwaka 2020 mtandao wa watafiti wa Cochrane ulipitia majaribio 28 yenye washiriki zaidi ya 2,700, na picha iliyotoka ni kwamba tiba hii inaweza kupunguza jinsi mlio unavyoharibu maisha. Haikuonekana kuushusha mlio wenyewe. Mnaona? Ni lile la kusikia na kusikiliza.

Nilikuwa pia na daftari. Kila asubuhi naupa mlio alama, 1 hadi 10. Miezi minne. Nilidhani natafiti, kumbe nimejiajiri kuwa mlinzi wake, naamka tu na swali, "Upo?" Na ukiuliza upo, utajibiwa. Kama unalo daftari la namna hiyo, lifunge leo. Ukitaka kuandika, andika ulichofanya siku hiyo, mlio ukiwepo au usipokuwepo: ulitembea, ulicheka na nani, ulimaliza kazi gani.

Usiku una taabu yake. Amka saa ileile kila siku hata ukilala vibaya, ondoa saa mahali unapoiona, acha sauti ndogo chumbani, na ukikaa macho muda mrefu toka kitandani ukafanye jambo tulivu mpaka macho yawe mazito. Kuhusu kahawa, wengi mmeambiwa muiache kabisa. Kama inakukosesha usingizi, ipunguze. Kama haikudhuru, usijiadhibu.

Sasa niseme kwa uchungu kidogo. Hakuna kidonge chochote kilichothibitishwa kuondoa mlio huu. Mwongozo wa madaktari wa masikio wa Marekani wa mwaka 2014 unashauri wagonjwa wasipewe ginkgo ya mitishamba, zinki wala melatonini ya usingizi kwa ajili ya mlio. Mishumaa ya masikio inaunguza watu. Anayekuuzia uponyaji wa siku saba anajua kwamba mtu asiyelala atalipa chochote. Fedha hiyo nenda kapimwe, au kaongee na mshauri.

Na kama wewe uliyeketi hapa umefika mahali pa kufikiri kwamba njia pekee ya kupata ukimya ni kufa, mwambie mtu leo. Si kesho. Mwambie daktari, mwambie uliyekuja naye. Sonona na wasiwasi vinakwenda na mlio mara nyingi, navyo vinatibika, hata kabla mlio haujabadilika. Nimewaona watu waliofika hapo na wakarudi.

Wenzi na ndugu, msiulize kila siku, "Mlio bado upo?" Mnamrudisha kwenye ulinzi. Muulizeni kama anataka kutembea.

Vijana, mlio unaobaki baada ya muziki mkubwa ni taarifa kwamba seli zako zimechoka. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 unaweza kuisikiliza saa 40 kwa wiki. Ikifika 90, saa 4 tu kwa wiki nzima.

Mimi ilinichukua mwaka mmoja na nusu hivi. Haikuwa ngazi ya kupanda moja kwa moja. Wiki njema mbili, kisha mama akafariki, na mlio ukarudi kama siku ya kwanza. Nilipoogopa kwamba nimeanza upya, mshauri alinikumbusha kupumua, sauti ya maji, meno yaachane. Safari ile ulishuka kwa siku chache, si miezi. Bado ninao. Nimekuwa nao saa hii yote tuliyokaa, na mara ya mwisho kuusikiliza ilikuwa ile nusu dakika ya mwanzo.

Nimekuja na kifaa changu cha kuangalia masikio, nitakuwa pale nyuma. Wenye mlio wa upande mmoja, unaodunda, au waliopoteza usikivu ghafla, tafadhali njoni kwanza, wengine muwapishe.